Wa, Zo, Bia: Lugha Tatu Zenye Wenyewe

Noti ya naira 50 ya Nigeria ina picha za watu wa makabila matatu makubwa ya nchi hiyo, Wahausa, Wayoruba na Waigbo, na wananchi waliipa jina la Wazobia. Ni maneno matatu yaliyogandishwa pamoja: wa ni la Kiyoruba, zo la Kihausa, bia la Kiigbo, na yote yana maana moja, njoo. Noti hiyo ilipobadilishwa mwaka 2007, thamani yake iliandikwa kwa lugha hizo hizo tatu. Siku hizi naira 50 haikununulii kitu cha maana, lakini hilo tuwaachie wa Benki Kuu. Mimi namfikiria Mtiv wa Makurdi, Mkanuri wa Maiduguri au Mwijaw wa Yenagoa anayeipokea kama chenji. Jina la noti linamwita mara tatu, na hata mara moja halimwiti kwa lugha ya mama yake.

Lugha za Nigeria, kwa hesabu za wanaisimu, zinapita 500. Hizo tatu ndizo zinazoitwa kuu, na hakuna anayebisha kwamba kila moja ina wasemaji wanaofika makumi ya mamilioni. Ila ukisoma mahali kwamba Kihausa kina milioni kadhaa kamili au Kiigbo milioni kadhaa kamili, jua ni makadirio. Sensa ya 1991 na ile ya 2006 hazikuuliza mtu kabila wala dini yake, kwa kuogopa kuchochea ugomvi. Nchi inayobishana hivi juu ya lugha kubwa na ndogo imeona ni salama zaidi kutojua ukubwa wenyewe.

Mabishano yalipamba moto upya Novemba 2025, Waziri wa Elimu, Tunji Alausa, alipotangaza kwamba sera ya taifa ya lugha iliyopitishwa 2022 imefutwa. Sera hiyo ilitaka mtoto afundishwe kwa lugha ya mama, au lugha ya jamii inayomzunguka, katika miaka yote sita ya shule ya msingi. Sasa Kiingereza kimerudishwa kuwa lugha ya kufundishia kuanzia elimu ya awali hadi chuo kikuu. Waliofurahi walikuwa wengi, na walionuna walikuwa wengi pia. Kabla sijasema niko upande gani, inafaa tuzitazame lugha zenyewe, kwa sababu wengi wetu huku Afrika Mashariki tunazijua kwa majina tu.

Msomaji wa Kiswahili akisikiliza Kihausa atadhani amekutana na binamu. Dunia ni duniya, siri ni asiri, habari ni labari, afya ni lafiya, Alhamisi ni Alhamis. Undugu huo ni wa kukopa: wao na sisi tulibisha hodi kwenye mlango mmoja wa Kiarabu. Kwa asili Kihausa ni cha tawi la Kichadi, ndani ya familia moja kubwa na Kiarabu chenyewe na Kiamhari. Kiyoruba na Kiigbo ndivyo vinavyotusikikia kama ugeni mtupu, kumbe ndio ndugu wa damu, wa mbali. Tatu kwa Kiigbo ni ato, nne ni ano. Na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba chimbuko la lugha za Kibantu liko katika eneo la mpaka wa Nigeria na Kameruni. Kwa hiyo yule Mtiv wa bonde la Benue, ambaye noti haikumkumbuka, lugha yake iko karibu na Kiswahili kuliko ilivyo karibu na Kihausa cha majirani zake.

Tofauti kubwa na sisi ni toni. Kwa Kiigbo, akwa ni kilio, au yai, au nguo, au kitanda, kutegemea sauti inapopanda na kushuka. Kiyoruba nacho ni hivyo, ndiyo maana maandishi yake yana alama juu ya vokali, alama ambazo watu huziacha wakiandika simuni kwa kuwa kibodi inachosha. Kihausa kina toni pia, ila tahajia yake ya kila siku haizionyeshi.

Historia zao hazifanani hata kidogo, na hapa ndipo neno “kuu” linapoanza kupotosha. Kiyoruba kilipata mapema bahati ya kuandikwa na mtu wake mwenyewe. Samuel Ajayi Crowther alitekwa utumwani akiwa mtoto mwaka 1821, akaokolewa na kupelekwa Sierra Leone, akasoma, akawa askofu, akaongoza tafsiri ya Biblia kwa Kiyoruba. Mwaka 1859 Abeokuta ilikuwa na gazeti la Kiyoruba, Iwe Irohin, na mwaka 1875 mkutano uliofanyika Lagos ulipatana juu ya tahajia. Kihausa hakikumngoja mmisionari. Kilikuwa kikiandikwa kwa hati za Kiarabu, ajami, na katika karne ya 19 Nana Asma'u, binti wa Usman dan Fodio, mwanzilishi wa dola ya Kiislamu ya Sokoto, alitunga mashairi kwa Kihausa, Kifulani na Kiarabu, tena kwa ajili ya kuwafundisha wanawake. Mwaka 1939 likaja gazeti la Gaskiya Ta Fi Kwabo, yaani ukweli una thamani kuliko senti. Idhaa ya Kihausa ya BBC ilianza Machi 1957, miezi mitatu kabla ya idhaa ya Kiswahili. Idhaa za Kiyoruba na Kiigbo zilingoja mpaka 2018.

Kiigbo ndicho kilichopata taabu. Lahaja zake ni nyingi na zimeachana, na wamisionari waliotafsiri Biblia iliyotoka 1913 walijaribu kuzipika katika sufuria moja, wakapata lugha ambayo haikusemwa na kijiji chochote. Chinua Achebe aliichukia lugha hiyo ya kutengenezwa na hakuficha. Ugomvi wa tahajia ukaendelea kwa miongo, madhehebu haya yakiandika hivi na yale vile, mpaka 1961 ilipokubaliwa tahajia ya kamati ya Onwu. Nasi Waswahili tulikuwa na kamati yetu ya wakoloni iliyochagua Kiunguja, na Wamvita mpaka leo wana kinyongo. Ila angalau Kiunguja kilikuwa kinasemwa na watu.

Basi tuseme wazi kile ambacho watetezi wa lugha hizi tatu wanakitaka. Wanataka zipewe kazi: bungeni, mahakamani, darasani. Hoja yao ya kwanza ni katiba yenyewe. Katiba ya 1979, kifungu cha 51, ilisema shughuli za Bunge la Taifa zitaendeshwa kwa Kiingereza, na pia kwa Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba pale mipango ya kutosha itakapokuwa imefanywa. Katiba ya 1999 ikarudia maneno hayo katika kifungu cha 55. Kati ya katiba hizo mbili, mwaka 1991, ilichapishwa kamusi ya istilahi za bunge kwa Kiingereza na lugha hizo tatu, kazi ya uangalifu mkubwa, ili mbunge asije akasema anakosa neno. Maneno yapo. Mipango ya kutosha haijafanywa bado.

Na wala si bunge la taifa peke yake lililoona haya. Desemba 1999, Baraza la Kutunga Sheria la Jimbo la Lagos, katikati ya Wayoruba, lilikataa kuendesha shughuli zake kwa Kiyoruba. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba Lagos ni jiji la watu wa kila aina, na hiyo naielewa. Ya pili, kwamba kutumia Kiyoruba kungewashushia wabunge hadhi na uwezo wa akili. Mtu aliyezoea kusikia wabunge wetu wakirushiana vijembe kwa Kiswahili mpaka Spika anacheka atasoma sababu hiyo mara mbili akidhani kuna kosa la uchapaji. Miaka 18 baadaye, Februari 2018, jimbo hilo hilo lilipitisha sheria ya kukilinda na kukikuza Kiyoruba, likakifanya somo la lazima shuleni. Yaani mtoto alazimishwe lugha ambayo mbunge aliiona inampunguzia akili.

Hoja ya pili ya watetezi ni ya shule, na ndiyo yenye uzito. Mwaka 1970, Profesa Babs Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife walianza jaribio katika shule ya msingi. Kundi moja la watoto lilifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka sita: hisabati, sayansi, maarifa ya jamii. Kiingereza kilibaki somo, kikifundishwa na mwalimu aliyebobea katika kukifundisha. Kundi la kulinganishia lilifuata desturi ya siku zote, Kiyoruba miaka mitatu ya mwanzo kisha Kiingereza. Matokeo: watoto wa Kiyoruba hawakuachwa nyuma, na kwa jumla walifanya vizuri zaidi, hata katika Kiingereza. Hapo ndipo wengi hushangaa, ingawa hakuna muujiza. Mtoto aliyekwisha kuelewa sehemu, yaani nusu na robo, ni nini kwa lugha ya nyumbani, akikutana nayo kwa Kiingereza anajifunza neno tu. Mwenzake anajifunza neno na jambo kwa mpigo, na mara nyingi anaondoka na neno peke yake.

Waliolipinga jaribio la Ife hawakuwa wajinga. Walisema, na ni kweli, kwamba kundi lile lilipata vitabu vipya vilivyoandikwa kwa ajili yake, walimu waliopigwa msasa, na macho ya maprofesa mlangoni. Mpe mtoto yeyote hayo, atafaulu kwa lugha yoyote. Wakaongeza kwamba Ife ni kitovu cha Uyoruba: mwalimu, mwanafunzi, muuza maandazi langoni, wote lugha moja. Je, Jos? Je, Port Harcourt? Je, darasa la watoto 50 wenye lugha 12?

Na hapo wanaingia wale ambao noti haikuwakumbuka.

Tangu kabla ya uhuru, makabila madogo ya Nigeria yameogopa makubwa matatu kuliko yalivyomwogopa Mwingereza. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni iliunda Tume ya Willink kuchunguza hofu hizo, na ripoti yake ya 1958 ilikiri kwamba hofu ni za kweli, ingawa haikupendekeza majimbo mapya waliyoyataka. Uhuru ukaja 1960. Mwaka uliofuata, bungeni, ilipopendekezwa kwamba lugha kubwa zifundishwe shule za nchi nzima, aliyesimama kupinga alikuwa Anthony Enahoro, yule yule aliyetoa hoja ya kudai uhuru mwaka 1953. Enahoro alikuwa Mwesan, kutoka kabila dogo, na alisema waziwazi kwamba hapendezwi na watu wanaotaka kuwatwisha wadogo lugha na mila zao. Huwezi kumwita kibaraka wa Waingereza. Alikuwa amefungwa jela nao.

Hofu hiyo ina ushahidi. Katika maeneo ya Plateau, Bauchi na kusini mwa Kaduna kuna lugha ndogondogo nyingi kuliko mahali pengi Afrika, nyingine zina wasemaji elfu chache tu. Ukiuliza nini kinazimaliza, jibu halitakuwa Kiingereza. Ni Kihausa: cha sokoni, cha stendi ya mabasi, cha redio, cha msikitini na hata cha kanisani. Mtoto anakua anakisema kwa sababu kinampeleka mbali, na babu anabaki na lugha yake kama mzigo usio na mrithi. Hakuna aliyemlazimisha. Kwa hiyo anayesema tuinue lugha za kienyeji dhidi ya Kiingereza inabidi ajibu: za kienyeji zipi, na dhidi ya nani?

Kusini jambo lina sura nyingine. Nenda Port Harcourt uone majina ya mitaa: Rumuokoro, Rumuola, Rumuokwuta. Kwa Kiigbo, Umu ni watoto wa, ukoo wa fulani. Waikwerre wana Rumu. Wanaisimu huiweka lugha yao ndani ya kundi la Kiigbo, lakini baada ya vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970, ambavyo Waigbo walijaribu kujitenga wakashindwa, Waikwerre wengi wamekuwa wakisema wao si Waigbo na lugha yao ni lugha kamili. Mwanaisimu anaweza kuchora matawi yake anavyotaka. Baada ya vita kama vile, kuitwa lahaja ya lugha kuu ya aliyeshindwa ni jambo la mali, kazi na usalama. Herufi moja mwanzoni mwa jina ilibeba yote hayo.

Na je, hizo kuu zenyewe ziko salama? Kwa miaka mingi yamezagaa maneno, yakitajwa kuwa ya UNESCO, kwamba Kiigbo kitakuwa kimekufa ifikapo 2025. Mwaka umekuja na kupita, na Kiigbo kinasemwa na makumi ya mamilioni, kwa hiyo utabiri huo tuutupe. Ila waliousambaza wengi walikuwa Waigbo wenyewe, na walikuwa wanasema jambo walilolishuhudia: watoto wa Lagos na Abuja wanaoelewa Kiigbo cha bibi na kumjibu kwa Kiingereza. Biashara ina mkono wake hapa. Filamu iliyofungua njia ya Nollywood mwaka 1992 ilikuwa ya Kiigbo. Haukupita muda, watayarishaji, wengi wao wafanyabiashara wa Kiigbo, wakahamia Kiingereza kwa kuwa soko la nje ya Uigbo lilikuwa kubwa zaidi. Watengeneza filamu wa Kano hawakuhama, kwa sababu Kihausa kinavuka mpaka chenyewe hadi Nijeri, nchi ambayo mwaka 2025 imekitangaza kuwa lugha ya taifa. Anayeishi kwa kufanya biashara katika nchi za watu hujifunza lugha za watu. Waigbo wamelipa bei ya uhodari wao.

Kwa hiyo tatu hizi zina maradhi matatu tofauti. Kihausa kimeshiba mpaka kinameza majirani. Kiyoruba kina maandishi, magazeti na filamu, ila wenye nacho wanakionea haya. Kiigbo kinakimbiwa na watoto wa wenyewe. Sera inayozipa zote dawa moja kwa sababu zote zinaitwa kuu, hata kama ingetekelezwa, ingeponya ipi?

Najua msomaji wangu ameshaanza kusema moyoni: si wangefanya kama Tanzania? Nimelisikia swali hili mara nyingi, na huwa linaulizwa kwa majivuno kidogo. Tuwe wakweli. Kiswahili kilipokabidhiwa Tanganyika nzima, hakikuwa lugha ya Wasukuma wala ya Wachaga. Kilikuwa na wenyewe, watu wa pwani na visiwani, lakini wenyewe hao walikuwa wachache na hawakuwa wakigombea kuitawala bara. Msukuma alipojifunza Kiswahili hakuwa anamsujudia jirani. Nigeria ingefanya vivyo hivyo kwa lugha gani? Wenye Kihausa ndio waliotawala kaskazini, wenye Kiyoruba ndio wenye Lagos, wenye Kiigbo walipigana vita kujitenga. Kila lugha kubwa pale ina jeshi la kura nyuma yake. Hata sisi hatujalipa deni lote: lugha zaidi ya 120 za Tanzania zimekaa kimya kando ya Kiswahili, na hatuzitaji sana tukijisifu.

Wanigeria wenyewe waliliona tatizo hilo la wenyewe. Miaka ya 1970 Wole Soyinka, Myoruba, alipendekeza bara zima lichukue Kiswahili. Ni heshima kubwa kwetu, na nadhani alituchagua kwa sababu tulikuwa mbali. Mwingine, Alex Igbinéwéká, alianza mwaka 1965 kubuni lugha mpya kabisa, Guosa, kwa kuchanganya maneno ya lugha za Nigeria na jirani zake, ili pasiwe na kabila la kulalamika. Lugha isiyo na mwenyewe hata mmoja, ikapata tatizo la pili: hakuna wa kuirithisha kwa mtoto.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiingereza Nigeria ni mgeni wa namna hiyo. Hakipendwi sana, hakijulikani vizuri na wengi, ila kikiwa mezani wenyeji hawapigani. Gharama yake inalipwa na mtoto wa kijijini anayekaa darasani miaka sita akitikisa kichwa. Na kando ya mgeni huyo amezaliwa mtoto wa mtaani, Pijini, lugha iliyotokana na Kiingereza, ambaye kila mtu anamsema na hakuna anayemwandikisha shule. Kutoka Warri na Sapele, ambako ni lugha ya kwanza ya watu wengi, Pijini imeenea nchi nzima. Mwaka 2007 Lagos ilipata redio ya Pijini, ikaitwa, bila ajizi, Wazobia. BBC ilifungua idhaa ya Pijini 2017, mwaka mmoja kabla ya kukumbuka Kiyoruba na Kiigbo. Serikali inaiona ni Kiingereza kilichovunjika. Wauza matangazo, ambao hawana muda wa nadharia, wanaiona ni lugha.

Sasa nirudi kwa Waziri Alausa. Alisema matokeo mabaya ya mitihani ya taifa, ya kumaliza sekondari na ya kuingia chuo, yako zaidi katika maeneo yaliyoshika lugha ya mama. Hesabu hiyo inanitatiza. Kijana aliyefanya mtihani wa mwisho wa sekondari 2025 alianza darasa la kwanza yapata 2013. Sera ya 2022 ilimkuta ameshatoka shule ya msingi. Tena sera hiyo ilipotangazwa, waziri wa wakati huo, Adamu Adamu, alikiri kwamba utekelezaji utangoja vitabu na walimu. Vitabu havikuja kwa wingi wowote. Kinachoweza kulaumiwa ni utaratibu wa zamani, uliokuwapo tangu sera ya elimu ya 1977, wa lugha ya mama madarasa ya chini. Lakini huo nao, ili uuhukumu, inabidi ulinganishe shule zilizoufuata kwa vitabu na walimu na zile ambazo mwalimu alibahatisha tu, Kihausa asubuhi, Kiingereza mkaguzi akitokea. Kaskazini kuna umaskini, kuna vita vya Boko Haram vilivyofunga shule, kuna uhaba wa walimu. Kuivua lugha katika fungu hilo na kuitwisha lawama yote ni kuonea.

Ila waziri alitaja pia Borno. Alisema watoto wa huko, wengi wao Wakanuri, wanafundishwa kwa Kihausa kwa jina la lugha ya mama. Hapo nampa haki yake, na natamani watetezi wa lugha ya mama wangelisema wao kwanza. Kikanuri ni lugha ya dola ya kale ya Borno, kina karne za historia ya uandishi, na hakina uhusiano wowote wa ukoo na Kihausa. Mtoto wa Kikanuri anayefundishwa kwa Kihausa amebadilishiwa mgeni tu. Na ndivyo inavyokuwa kila mara sera inapoandika “lugha ya jamii inayomzunguka”: afisa anayetafuta kitabu anakipata cha moja ya zile tatu.

Msimamo wangu ni kwamba ndoto ya kifungu cha 55 iachwe ife. Kihausa, Kiyoruba na Kiigbo hazitakuwa lugha za taifa za Nigeria, na kila jaribio la kuzivika taji hilo linawatia wadogo hofu na kuwapa wakubwa kisingizio cha kutozifanyia kazi nyumbani. Lakini Kiyoruba kifundishie Oyo, Osun na Ekiti, Kiigbo kifundishie Anambra na Imo, Kihausa kifundishie Kano, Katsina na Sokoto, miaka sita kamili kama Fafunwa alivyoonyesha, kwa vitabu na kwa mwalimu wa kweli wa Kiingereza pembeni. Shule za msingi za umma ziko mikononi mwa majimbo na serikali za mitaa. Gavana wa Kano hahitaji kungoja Abuja imshike mkono, na Mtiv hana cha kuogopa Mhausa akisoma kwa Kihausa kwao Kano. Kwa miji ya mchanganyiko, Warri au Port Harcourt, ningeanza na Pijini madarasa ya chini. Najua wazazi wa huko ndio watakaokuwa wa kwanza kuandamana, na sitawacheka: mzazi anayelipa ada ili mwanawe aongee Kiingereza anasoma soko la ajira vizuri kuliko mimi.

Wataniuliza hizo lugha ndogo 400 na zaidi je, nani ataziandikia vitabu? Jibu la kawaida ni kwamba haiwezekani, ni nyingi mno, ni ghali mno. Lakini Jimbo la Rivers, lililopitiwa na vita vya Biafra, lilianza kazi hiyo hiyo vita vilipokwisha tu, mwaka 1970. Mwanaisimu Kay Williamson na wenzake wakakaa na kamati za wenyeji, lugha kwa lugha, wakipatana tahajia na kuchapa vitabu vidogo vya kusomea. Zilipatikana lugha zaidi ya 10 zilizopata vitabu vyake vya darasa la kwanza, Kiikwerre kikiwemo, katika jimbo lililokuwa ndio kwanza limetoka vitani.